Je, Zuko ni Kigeugeu? Somo Kuhusu Ukuaji wa Mhusika

Mhariri alinitaka niandike somo la fasihi litakalowafaa watahiniwa na hata wale ambao mtihani wao bado uko mbali. Nimechagua mada ya ukuaji wa mhusika. Hata hivyo, mfano wangu sikuutoa katika vitabu teule. Nimeutoa kwenye runinga, tena kwenye vibonzo vya watoto!

Najua wapo watakaoguna na kusema, "Makubwa haya! Vibonzo katika jarida la Kiswahili?" Tulieni jamani. Hadithi ni hadithi, iwe imesimuliwa na nyanya jikoni, imepigwa chapa kitabuni, au imechorwa ikatembea kwenye kioo. Palipo na hadithi pana wahusika, na palipo na wahusika maswali ni yale yale: Ni nani huyu? Anataka nini? Amebadilika vipi, na kwa nini?

Kilichonichochea ni mjadala wa chama uliofanyika muhula wa pili. Tulikuwa tukichambua wahusika bapa na wahusika duara, mwenzetu mmoja akamtaja Zuko, yule mwana wa mfalme katika mfululizo uitwao Avatar: The Last Airbender. Akasema, "Huyo si duara wala nini. Ni kigeugeu tu, leo yuko huku, kesho yuko kule, kama kinyonga." Watu wakapiga makofi, kengele ikalia, tukatawanyika. Makala haya ndiyo jibu langu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kubadilika ni jambo moja na kukua ni jambo jingine, na kwamba mwanafunzi asiyeweza kutofautisha haya mawili atapoteza alama nyingi, na huenda akapoteza zaidi ya alama.

ISTILAHI KWANZA

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1927 juu ya sanaa ya riwaya, aliwagawa wahusika mafungu mawili. Mhusika bapa ana sifa moja au mbili tu, nazo hazibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika duara ana pande nyingi, na anaweza kutushangaza bila ya kutufanya tuseme, "Huu sasa ni uongo."

Ngano zetu zimejaa wahusika bapa. Fisi ni mlafi leo, kesho na mtondo. Sungura ni mjanja hata akiwa mgonjwa. Kuwa bapa si kosa. Ngano humhitaji fisi abaki mlafi ili funzo litokee. Mhusika bapa ni kama msumari: kazi yake ni kushikilia hadithi mahali pake, na hakuna anayeutaka msumari uchipue majani.

Lakini sasa, mhusika anapobadilika, tutajuaje kama amekua au amegeukageuka tu? Ninapendekeza tumuulize maswali matatu. Kwanza, mabadiliko yake yana chanzo ambacho tulikiona mapema? Pili, aliyafikia kwa hatua, pamoja na kurudi nyuma, au alilala mbaya akaamka mwema? Tatu, yamemgharimu nini, na wenzake wanakumbuka aliyoyatenda? Kigeugeu atashindwa na maswali haya. Haoni gharama, kwa maana hageuki ila pale panapomfaidi. Hebu sasa tumsimamishe Zuko mbele ya darasa.

HADITHI KWA UFUPI

Mfululizo huu ulitungwa na Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ukaonyeshwa na kituo cha Nickelodeon kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008. Una sehemu 61, zilizogawanywa katika vitabu vitatu: Maji, Ardhi na Moto. Katika dunia hiyo ya kubuni kuna mataifa manne, na katika kila taifa wapo watu wenye kipawa cha kuamrisha kitu kimoja: maji, ardhi, moto au hewa. Mtu mmoja tu, aitwaye Avatar, ndiye awezaye kuamrisha vyote vinne, na jukumu lake ni kulinda amani.

Avatar wa zama hizo ni Aang, mvulana wa miaka 12, aliyekwama ndani ya barafu kwa miaka 100. Katika muda huo Taifa la Moto limewaangamiza watu wake na kuzivamia nchi nyingine. Katara na kaka yake Sokka, watoto wa Kabila la Maji, wanamtoa barafuni, na safari inaanza. Nyuma yao anakuja mwindaji: Zuko, mwana wa mtawala wa Taifa la Moto, kijana wa miaka 16 mwenye kovu kubwa la moto kwenye jicho la kushoto. Anapiga kelele, anatoa amri, anachoma. Ukimtazama katika sehemu mbili tatu za mwanzo utasema bila kusita kwamba huyu ni mhusika bapa, tena mpinzani wa kawaida wa vibonzo.

SWALI LA KWANZA: CHANZO

Watunzi walitufumba macho makusudi. Katika sehemu ya 12 ya kitabu cha kwanza, meli ya Zuko iko katikati ya dhoruba, na mabaharia wamechoshwa na ukali wake. Wanamnung'unikia. Ndipo Iroh, baba yake mkubwa, anapowaketisha na kuwasimulia jinsi kovu lile lilivyopatikana. Hapa imetumika mbinu rejeshi, na imetumika vizuri mno.

Zuko alipokuwa na miaka 13 aliomba aingizwe katika baraza la vita. Humo akamsikia jemadari mmoja akipanga kuwatoa kafara askari wapya, wasio na uzoefu, wawe chambo kwa adui. Kijana hakuweza kunyamaza. Akasema kuwa ni vibaya kuwasaliti watu wanaoipenda nchi yao. Kwa kusema hivyo akahesabiwa kuwa amekosa adabu, akatakiwa kupigana pambano la moto. Alikubali akidhani atapigana na yule jemadari. Alipogeuka uwanjani, aliyesimama mbele yake alikuwa baba yake mzazi, mfalme Ozai! Zuko akapiga magoti, akalia, akaomba msamaha. Baba akamchoma uso, kisha akamfukuza nchini, na kumwambia asirudi mpaka amkamate Avatar, mtu ambaye hakuonekana kwa karne nzima. Kwa maneno mengine, usirudi kamwe.

Naam, hapo ndipo tunapokiona chanzo. Mtoto huyu hakuzaliwa mkatili. Aliadhibiwa kwa sababu ya huruma yake, akajifunza kuificha. Na tazama kinaya: wakati hadithi hii inasimuliwa, nje dhoruba inazidi, nahodha wa usukani ananing'inia hatarini, naye Zuko anapanda kumwokoa, kisha anamwacha Avatar apite zake ili mabaharia wafike salama. Kwa hiyo wema wake wa baadaye haukudondoka kutoka mbinguni. Ulikuwepo, umefunikwa na majivu.

Kwa kuwa chanzo kilionyeshwa mapema hivyo, swali la kwanza Zuko amelipita.

SWALI LA PILI: HATUA

Huku ndiko kwenye utamu wenyewe. Mwandishi mvivu angemgeuza Zuko mara tu baada ya dhoruba. Hawa hawakufanya hivyo. Walimpeleka hatua moja mbele, kisha wakamrudisha nyuma, kwa sehemu zaidi ya 40.

Katika sehemu inayofuata ile ya dhoruba, Aang anakamatwa na kamanda mwingine wa Taifa la Moto. Mtu mwenye kinyago cha buluu anaingia usiku na kumtorosha. Kinyago kinapovuliwa, ni Zuko! Je, amekuwa mwema? La hasha. Anamtaka Avatar kwa ajili yake mwenyewe, ili yeye ndiye ampeleke kwa baba. Aang anamuuliza kama wangeweza kuwa marafiki laiti wangekutana zamani, naye anamjibu kwa moto. Tendo ni la wokovu, nia bado ni ile ile. Watahiniwa, shikeni hapa: usimhukumu mhusika kwa tendo pekee, itafute nia.

Katika kitabu cha pili Zuko ni mtoro, anawindwa na taifa lake mwenyewe. Anakatiza peke yake katika nchi ambayo watu wake waliipiga. Familia moja maskini inamkaribisha, anakula chakula chao, anazoeana na mtoto wao. Askari wakorofi wanapomteka mtoto yule, Zuko anampigania, na mwishowe inambidi atumie moto na kutaja jina lake. Kijiji kizima kinamgeukia. Mtoto aliyemwokoa anamwambia kwamba anamchukia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na siku hiyo ulimwengu ulimfunza Zuko maana ya jina la ukoo wake kwa watu waliochomewa nyumba.

Baadaye anafika na Iroh katika jiji kuu la Ba Sing Se, wanafungua duka la chai. Anamwachilia huru nyati wa Aang arukaye, ingawa angeweza kumtumia kama mtego. Baada ya tendo hilo anaugua homa kali, kana kwamba mwili wenyewe unapigana. Akipona, anaanza kutabasamu. Sisi watazamaji tunapumua na kusema, "Haya, sasa kijana amepona."

Ndipo mambo yanapochacha. Katika sehemu ya mwisho ya kitabu cha pili, dada yake Azula anamjia na kumwahidi kwamba akijiunga naye atairudishia nafsi yake heshima, na baba atampenda tena. Iroh anamsihi. Zuko anainamisha kichwa, anafikiri, kisha anachagua dada yake. Aang anapigwa radi na kuanguka. Iroh anafungwa gerezani.

Wenye kumwita Zuko kigeugeu husimama hapa na kusema, "Si unaona?" Mimi nasema hapa ndipo uandishi ulipokomaa. Kwa miaka mitatu kijana huyu alilala na kuamka na kiu moja. Mtu kama huyo, ukimletea maji mdomoni, kweli atayakataa kwa sababu ya wiki chache za kuuza chai? Angeyakataa, tungesema hadithi ni ya uongo.

Kisha fikirini juu ya ule msemo wetu wa sungura aliyeshindwa kuzifikia ndizi akasema, "Sizitaki mbichi hizi." Laiti Zuko angeiacha njia ya baba yake kabla ya kupata alichokitaka, tungekuwa na haki ya kumcheka kwa maneno hayo. Watunzi wakampa ndizi zenyewe, tena mbivu. Katika kitabu cha tatu yuko nyumbani, anaheshimiwa, baba anamsifu, umati unamshangilia. Naye hana raha. Anakasirika na kila mtu, na anapobanwa aseme anamkasirikia nani, anakiri kwamba anajikasirikia mwenyewe. Hatimaye anagundua kwamba babu wa mama yake alikuwa Avatar aliyetangulia, kwa hiyo damu ya mwanzilishi wa vita na damu ya mlinzi wa amani zote zimo ndani yake. Ni juu yake kuchagua.

Anapoondoka, anaondoka akiwa na kila kitu mkononi. Anamkabili baba yake siku ya kupatwa kwa jua, anamwambia waziwazi kwamba ulikuwa ukatili kumchoma mtoto wa miaka 13, na kwamba anakwenda kumsaidia Avatar. Kigeugeu hutoka penye njaa akaenda penye shibe, lakini huyu ametoka penye shibe.

SWALI LA TATU: GHARAMA NA KUMBUKUMBU

Katika vibonzo vingi mhusika mbaya hutubu, muziki mtamu ukapigwa, wote wakakumbatiana. Zuko hakuandaliwa karamu. Kabla ya kuwaendea akina Aang anafanya mazoezi ya kujitambulisha mbele ya chura, kwa aibu na kigugumizi. Sehemu hiyo inachekesha sana, lakini ndani yake mna uchungu. Anapofika, wanamfukuza. Muuaji ambaye yeye mwenyewe alimkodi ili amuue Aang anatokea, na sasa inambidi apambane naye. Aliyoyapanda yamemea.

Katara ndiye mgumu kuliko wote, na ana sababu. Walipofungwa pamoja chini ya Ba Sing Se, walizungumza juu ya mama zao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amempoteza wake. Katara alikuwa na maji machache yenye nguvu ya uponyaji, akajitolea kuyatumia kuliponya kovu lake. Dakika chache baadaye Zuko akawasaliti, na maji yale yakatumika kumrudishia Aang uhai. Basi kovu likabaki. Msomaji makini ataona kwamba usaliti wa Zuko ulimgharimu uso wake mwenyewe! Katara hamsamehi mpaka sehemu kadhaa zimepita na mengi yametendeka.

Hata nguvu zake zinapotea. Moto wake ulikuwa ukiwashwa na hasira, na hasira ilipopoa moto nao ukafifia. Ikambidi aende na Aang kujifunza upya chanzo cha moto, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kubadilika kwa kweli humfanya mtu awe mwanagenzi tena.

Maswali yote matatu yamejibiwa. Zuko si kigeugeu. Ni mhusika duara anayekua.

BABA NA BABA MKUBWA

Kuna jambo ambalo Kiswahili kinalifichua vizuri. Katika mfululizo wenyewe Zuko humwita Iroh kwa neno la Kiingereza linaloweza kumaanisha mjomba, ami au mume wa shangazi. Kwetu sisi ndugu mkubwa wa baba ni baba mkubwa. Hebu mtazame Zuko kwa jicho hilo. Kijana anazunguka dunia nzima akitafuta baba, na baba yuko pale pale melini, anapika chai!

Iroh mwenyewe ana kina kirefu. Zamani alikuwa jemadari aliyelizingira jiji la Ba Sing Se kwa siku 600, mpaka mwanawe wa pekee, Lu Ten, alipouawa vitani. Akaacha vita. Katika sehemu ya 15 ya kitabu cha pili tunamwona akipita sokoni, akimbembeleza mtoto analia, akimshauri hata mwizi aliyetaka kumwibia. Jioni anapanda kilima, anaiweka picha ya mwanawe chini ya mti, na mzee yule mcheshi anaimba huku akilia. Sehemu hiyo ilitolewa kwa heshima ya Mako, mwigizaji aliyeitoa sauti ya Iroh, ambaye alifariki mwaka 2006.

Hapa tupambanue maneno mawili: kina na ukuaji. Iroh habadiliki sana mbele ya macho yetu, maana alikwisha kubadilika kabla hadithi haijaanza. Alicho nacho ni kina. Tunachimba, tunakuta safu nyingine chini. Zuko ana kina na pia anakua. Mtihani ukiuliza juu ya ukuaji wa mhusika, usijibu kwa kueleza kina chake tu.

Sasa linganisha matukio mawili. Akiwa na miaka 13, Zuko alimpigia magoti baba yake akiomba msamaha, akachomwa. Karibu na mwisho wa kitabu cha tatu, anaingia katika hema la baba yake mkubwa aliyemsaliti, anakaa chini akisubiri mpaka mzee aamke. Anaanza kuomba msamaha kwa machozi. Kabla hajamaliza, Iroh anamvuta na kumkumbatia. Ombi ni lile lile, ila majibu hayafanani hata kidogo. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja katika insha yako, huhitaji kuandika sifa kumi za Zuko.

FOILI NA WENGINE

Mhusika foili ni yule anayetufanya tumwone mwenzake vizuri zaidi kwa kulinganishwa naye. Foili wa Zuko ni Azula, msichana wa miaka 14 mwenye moto wa buluu na akili kama wembe. Yeye hakukosea, hakushindwa, hakufukuzwa. Kila kitu alikipata kwa kuwatia watu hofu. Rafiki zake wawili walipomgeuka, hakuwa na pa kushika, na siku aliyotarajia kutawazwa akili yake ikavunjika. Zuko alianguka mapema akapata wa kumwinua. Azula alianguka mwisho, na hakuna aliyekuwa karibu. Kwa sababu hii sikubali kwamba Azula ni bapa. Tunamwogopa, halafu tunamhurumia.

Mfalme Ozai ndiye bapa. Katika vitabu viwili vya kwanza hata uso wake hauonyeshwi waziwazi, anabaki kivuli nyuma ya moto. Hana mashaka, hana majuto. Ni yule msumari niliyemtaja.

Sokka naye asisahauliwe. Mwanzoni anadharau wasichana, anadai vita ni kazi ya wanaume. Katika sehemu ya nne anashindwa na mashujaa wa kike wa kisiwa cha Kyoshi. Anapiga magoti, anaomba afundishwe, na anakubali kuvaa mavazi yao na rangi usoni. Ni mabadiliko madogo, lakini yanapita maswali yetu matatu: chanzo, hatua, na gharama ya kumeza kiburi.

KALAMU MBILI

Mtunzi wa vibonzo ana kalamu mbili, ya maneno na ya michoro. Ya pili tusiipuuze. Mwanzoni Zuko amenyoa kichwa, akaacha mkia mmoja wa nywele kama alama ya hadhi yake. Mwanzoni mwa kitabu cha pili yeye na Iroh wanakata nywele hizo kwa kisu na kuzitupa mtoni, bila kusema neno. Kuanzia hapo nywele zake zinaota polepole, nasi tunaona wakati unapita. Kovu, kwa upande wake, ni ishara isiyobadilika: mwanzo ni alama ya aibu, mwisho ni sehemu tu ya uso wa mfalme mpya. Kilichobadilika ni macho yetu sisi tunaolitazama.

NDANI YA CHUMBA CHA MTIHANI

Tuseme swali ni: "Fafanua ukuaji wa mhusika Zuko." Jibu dhaifu huwa hivi: "Zuko ni mkatili. Zuko ni mwenye hasira. Zuko ni msaliti. Zuko ni mwema." Hii ni orodha ya sokoni. Mtahini atauliza, mtu mmoja anawezaje kuwa yote haya?

Jibu lenye nguvu husema hivi: "Mwanzoni Zuko anamwinda Aang kwa ukali kwa kuwa anadhani heshima hutolewa na baba yake. Dhoruba inatuonyesha kuwa aliadhibiwa kwa huruma yake. Anapoishi kama maskini anaona madhara ya vita, lakini anapoahidiwa upendo wa baba, anarudi nyuma na kumsaliti Iroh. Baada ya kupata alichokitamani na kukosa amani, anakiacha kwa hiari, na anakubali kudharauliwa na wale aliowadhuru." Tazama maneno yanayoibeba aya hiyo: mwanzoni, kwa kuwa, lakini, baada ya. Ukuaji hukaa ndani ya viunganishi. Sifa pekee haziwezi kuubeba.

Mwisho niseme la moyoni. Sisi wanafunzi tuna haraka ya kubandikana majina. Mtu akipigana mara moja anaitwa mkorofi hadi anamaliza shule, na hata akija kuomba radhi tunasema, "Kinyonga huyo." Pengine ni kinyonga kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo, tumuulize maswali yale matatu: chanzo, hatua, gharama. Kusema kweli, sijui fasihi ina faida gani ikiwa tutamsamehe mtu wa wino na rangi huku tukimnyima jirani yetu wa dawatini nafasi hiyo hiyo.

ZOEZI

1. Tofautisha mhusika bapa na mhusika duara, ukitoa mfano mmoja mmoja kutoka katika ngano ya jamii yako na kitabu teule.

2. "Kubadilika si kukua." Jadili kauli hii kwa kumrejelea mhusika yeyote uliyemsoma mwaka huu.

3. Mtafute mhusika foili katika kitabu teule na ueleze anatusaidia kumwona nani, na vipi.

4. Andika aya moja ya maneno 100 kuhusu mhusika anayekua, bila kutumia neno lolote la sifa kama vile mwema, mbaya au mkatili.

Majibu ya swali la nne yaleteni kwa katibu wa chama kabla ya mkutano ujao. Matatu yaliyo bora yatasomwa mbele ya wanachama wote.